Tusiitetee Haki kwa Hoja ya Uongo



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, katika mijadala yetu na wenzetu Wakristo hapa Arua iko hoja ninayoisikia mara kwa mara: kwamba Mfalme Konstantino wa Roma aliwakusanya maaskofu Nikea mwaka 325, akachagua vitabu alivyovitaka, akavichoma vingine, na hiyo ndiyo Biblia ya leo. Hoja hii hupigiwa takbir. Lakini si ya kweli, nami naona ni wajibu wetu kuiacha.

Mkutano wa Nikea ulijadili mafundisho ya Arius kuhusu Yesu, tarehe ya Pasaka na nidhamu ya makasisi. Katika kanuni zake 20 hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama vilivyo leo tunaikuta katika barua ya Athanasius, askofu wa Alexandria, ya mwaka 367, miaka 30 baada ya Konstantino kufa. Ama kuchoma, Roma ilichoma kweli, lakini kabla yake: mwaka 303 Mfalme Diocletian aliamuru maandiko ya Wakristo yateketezwe. Konstantino yeye aliagiza nakala 50 ziandikwe kwa ajili ya makanisa ya mji wake mpya.

Tena zimepatikana Misri karatasi za mafunjo zenye barua za Paulo, ambazo wataalamu wengi huzikadiria kuwa za karibu na mwaka 200, zaidi ya miaka 100 kabla ya Nikea. Ukizilinganisha na nakala za baadaye, ni barua zile zile. Mfalme angebadilishaje nakala zilizokwisha kutawanyika Misri, Shamu na Roma, nyingine zimefukiwa mchangani?

Je, basi maandishi yalihifadhiwa bila kuguswa? Hapana, na wasomi wa Kikristo wenyewe wanakiri. Katika nakala mbili kongwe za karne ya 4, Vaticanus na Sinaiticus, Injili ya Marko inaishia sura ya 16 aya ya 8. Aya 12 zinazofuata hazimo. Maneno ya 1 Yohana 5:7 yanayosema kuwa Baba, Neno na Roho ni mmoja hayamo katika nakala kongwe za Kigiriki. Erasmus hakuyatia katika chapa zake za 1516 na 1519. Akayatia mwaka 1522. Mambo haya hayakuhitaji amri ya mfalme. Ni kazi ya mikono ya wanakili, mmoja mmoja, karne baada ya karne.

Sasa tazameni hatari yenyewe. Ukishikilia kwamba kitabu kikiguswa na mkono wa dola kimebatilika, mwenzako atakuuliza kuhusu Sayyidna Uthman (r.a.), khalifa aliyepeleka misahafu mijini na kuamuru maandishi mengine yachomwe. Jibu tunalo: Qur'ani ilikuwa vifuani mwa watu, maswahaba walikuwapo, na Zayd bin Thabit aliyesimamia kazi hiyo alikuwa mwandishi wa Mtume mwenyewe. Lakini nani atalisikiliza jibu hilo kutoka kwa mtu mwenye mizani mbili?

Allah anatuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 8, kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu. Katika Suratul Israai, aya ya 36, anatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo. Na Suratul Baqara, aya ya 79, inapowaonya wanaoandika kitabu kwa mikono yao kisha wakakinasibisha na Allah, haitaji Roma wala Nikea. Imani yetu haikusimama juu ya Konstantino. Hata wanazuoni wetu walitofautiana: Ibn Hazm alisema maandishi yenyewe yalibadilishwa, na wengine wakaona kilichopotoshwa zaidi ni maana.

Sisi wa Koboko jambo hili linatugusa nyumbani. Katika ukoo mmoja utamkuta shehe na utamkuta katekista, na kwenye msiba wanakaa turubai moja. Kijana akirudi likizo na kumwambia mjomba wake maneno ya Nikea, mjomba akaenda kuuliza na kukuta si kweli, hatasema tu kwamba kijana alikosea. Atasema Uislamu wenu ndivyo ulivyo. Siku utakapomsomea aya ya kweli, ataipima kwa ule uongo wa kwanza.

Kwa hiyo nawausia mambo mawili. Kabla ya kutoa hoja, uliza: nani kaiandika, na ushahidi wake uko wapi? Na mwenzako akikuonyesha kwamba hoja yako si sahihi, iache papo hapo. Haki haipungui kwa kuachiwa hoja mbovu.

Allah atujaalie kusema kweli hata inapokuwa dhidi yetu, na atuongoze sisi na jamaa zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.