Tini za Hezekia

Mfalme Hezekia alipougua jipu lililomfikisha karibu na kaburi, aligeukia ukutani akaomba huku analia. Mungu akamsikia, akamwongezea miaka 15. Habari hiyo tunaihubiri sana, ila wengi wetu tunaishia hapo. Isaya 38 inaendelea: nabii yule yule aliyeleta jibu la Mungu ndiye aliyeagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Maombi yalikuwa yamekwisha kujibiwa, na dawa ikapakwa vilevile.

Somo hili limenirudia kwa sababu ya mama mmoja wa usharika wetu, ambaye ameniruhusu niandike haya. Alikuja kuombewa, na baada ya amina akabaki ameketi, kiganja kimefunika paja juu ya kanga. Uvimbe ulikuwapo tangu mjukuu wake hajaanza shule. "Hauniumi, Mchungaji," alisema, "ndiyo maana sikutaka kusumbua watu."

Huko kutouma ndiko kunakotupoteza. Chini ya ngozi kuna mafuta, misuli, neva na mishipa ya damu, na popote humo panaweza kuota uvimbe. Unaoonekana sana ni lipoma, uvimbe wa mafuta: laini, ukiusukuma kwa kidole unateleza, unakua polepole kwa miaka na hausambai. Vivimbe visivyo na madhara ni vingi kuliko saratani za tishu laini, yaani sarkoma, kwa zaidi ya mara 100. Kwa hiyo mwenye kinundu begani asikose usingizi. Lakini sarkoma nayo mara nyingi haiumi mwanzoni. Hukua ndani ya msuli kimyakimya mpaka ianze kubana neva, na ikiingia kwenye damu hukimbilia mapafuni. Uvimbe unaozidi sentimita 5, unaoongezeka, uliozama ndani ya misuli, au uliorudi baada ya kutolewa, madaktari wanataka kuuona mapema, uwe unauma au hauumi. Yapo pia mabaka ya zambarau au meusi miguuni na mdomoni, sarkoma ya Kaposi, ambayo kwetu huwapata zaidi wanaoishi na VVU. Nayo huweza kunywea mgonjwa anapotumia ARV vizuri, wakati mwingine pamoja na dawa za saratani.

Misibani nimesikia mara nyingi kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Ndugu zangu, wengi wa wapendwa wetu walifika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, kisha lawama ikaangukia kisu. Kuchukuliwa kinyama kwa sindano nene, na mtu anayeijua kazi hiyo, ndiyo njia ya kujua una nini. Cha kuogopa ni uvimbe mkubwa kukatwa harakaharaka bila kupimwa, na kilichotolewa kikatupwa kwenye ndoo. Muulize daktari: kinyama changu kinakwenda maabara? Kuuliza hivyo si kumvunjia heshima.

Inaniuma sana ninaposikia mhubiri akimwambia mgonjwa kwamba kupima ni kukosa imani. Isaya hakupungukiwa imani alipoagiza tini. Anayemzuia mgonjwa asipime anabeba mzigo mbele za Mungu, hata kama alikuwa na nia njema.

Mama yetu amekwisha kuchukuliwa kinyama, na majibu bado hayajatoka. Ikiwa ni lipoma, tutamshukuru Mungu. Ikiwa ni sarkoma, kuna Ocean Road Dar es Salaam, kuna Bugando Mwanza, kuna KCMC Moshi, na kuna sisi: nauli, chakula cha anayemuuguza, na mtu wa kulala na wajukuu. Kamati ya diakonia imekwisha kutenga fedha. Jumapili hii baada ya ibada ya pili wauguzi wa usharika watakuwa ofisini, mlango umefungwa, na yeyote mwenye uvimbe anaouficha atapokewa mmoja mmoja. Wanaume nanyi mje.