Kabla ya Kununua Wavu

Ndugu zangu wa Luofu na milima yote ya Lubero, tunajua kinachowateremsha vijana wetu ziwani. Shamba la babu limegawanywa hata halitoshi, na vita vimewahamisha wengi. Mwenye njaa akifika Ziwa Edward haoni parki, anaona samaki.

Lakini upande wa Kongo, ziwa hilo limo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Vijiji vya wavuvi vinavyotambuliwa ni vitatu tu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Hata hivyo, kambi nyingi zilizuka pwani ya magharibi. Watu walijenga, wakaoa, wakazaa, wakadhani wamekuwa wenyeji.

Dalili za hatari zilikuwepo. Kwanza, ruhusa ya kuvua iliuzwa na wenye bunduki, ambao ziwa si lao. Siku walipofukuzwa, ruhusa yao ilikwisha. Pili, matundu ya nyavu yalizidi kuwa madogo, nazo zikategwa hata mahali samaki wanapozalia. Tilapia walipoanza kupungua, wengi walitafuta wavu wa matundu madogo zaidi badala ya kujiuliza sababu.

Dalili ya tatu ilikuwa viboko. Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na zaidi ya 25,000. Katikati ya miaka ya 2000 hawakufika 1,000. Waliuawa kwa ajili ya nyama na meno. Kiboko hula majani usiku nchi kavu, kisha hunya majini, na mbolea hiyo hukuza mwani unaolisha tilapia. Aliyenunua nyama ile kwa bei rahisi alikuwa akila samaki wa kesho.

Kisha walinzi wa parki walikuja. Vibanda vilibomolewa, mitumbwi na nyavu vikachukuliwa. Aliyekopa ili avue alibaki na deni bila chombo.

Tusiwacheke. Watoto wangelia kwangu na jirani akaniambia, "Twende, wote wanavua," huenda ningemfuata. Na serikali nayo ina deni: haitoshi kumwambia mtu asiye na shamba kwamba ziwa limefungwa.

Basi, kabla ya kutoa pesa, tuwaulize parki na kamati ya wavuvi: ruhusa hii ni ya nani, na wavu huu unakubalika? Wazee nao wadai ardhi mbele ya wakubwa, hadharani, kabla vijana hawajaitafuta kwa siri ndani ya hifadhi.