Jiwe la Ukumbusho na Mtoto Aliyezaliwa Baadaye

Wahenga walisema: mtenda husahau, mtendewa hasahau. Methali hii yawataja watu wawili tu. Jijini Kigali leo yuko mtu wa tatu: kijana aliyezaliwa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, asiyetenda wala kutendewa. Je, ni haki kumsimamishia kijana huyu mawe ya huzuni?

Wako wasemao si haki. Kwamba huzuni isipozikwa pamoja na wafu itazaa chuki. Hoja hii haifai kubezwa, kwani zipo sanamu duniani zilizosimamishwa ili kisasi kisisahaulike. Hata hivyo, kijana huyo amekwisha kurithi. Amerithi ukimya wa wazazi, na majina ya jamaa wasio na picha wala kaburi. Asipoelezwa atajitungia maelezo, na ya kujitungia huenda yakawa mabaya zaidi.

Basi swali ni namna ya kukumbuka. Katika kambi walimouawa askari 10 wa Ubelgiji tarehe 7 Aprili 1994, zimesimama nguzo 10 za mawe. Kila askari ana yake, na mikato yake yahesabu umri wake. Huko Nyanza ya Kicukiro, walikouawa raia walioachwa na askari wa Umoja wa Mataifa tarehe 11 Aprili mwaka huo, msanii Bruce Clarke alibuni Bustani ya Kumbukumbu, iliyoanzwa mwaka 2000 na kuzinduliwa mwaka 2022. Wazo lake lilikuwa jiwe moja kwa kila aliyeuawa. Gisozi wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Hesabu hiyo akili haiibebi. Jiwe moja, hata mtoto aweza kulitazama na kuuliza.

Sisi walimu wa lugha twajua kuwa ukumbusho watokana na kukumbusha, yaani kumfanya mtu akumbuke. Na asiyeona hana la kukumbuka. Kwa manusura jiwe ni ukumbusho. Kwa mwanawe ni fundisho, na fundisho lataka mfundishaji. Mtoto akiuliza, "Huyu alikuwa nani?", hana budi kujibiwa na mtu mzima, tena aelezwe si kifo tu, bali jinsi marehemu alivyoishi, na jinsi waliobaki walivyolima tena, wakaoa, wakazaa.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Ndugu walimu, swali hilo laweza kuulizwa darasani mwetu. Natujiandae kulijibu kwa maneno ya kweli na ya upole.