Mzazi Aliyeondokewa na Akili: Kumpeleka Nyumba ya Mchana Je, ni Kumtupa?

Twaulizwa na baadhi ya ndugu zetu: mtu mwenye baba au mama ambaye akili zimemwondoka kwa maradhi ya uzeeni, akimpeleka asubuhi katika nyumba iliyowekwa kwa kuwaangalia wazee wa namna hiyo, kisha jioni akamrudisha kwake, amemtendea wema au amemtupa?

Wengi hujibu hapo hapo kuwa amemtupa. Nao huishika Sura Bani Israil, ambamo mtoto amekatazwa kumgunia mzazi aliyefikia uzee, na husema: uzee huo umetajwa kuwa uko kwa mtoto, yaani chini ya paa lake; basi kumtoa mlangoni ni kwenda kinyume cha Aya. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani neno hilo limo. Walakini natuangalie lililokatazwa lenyewe. Limekatazwa guno na ukali. Na katika nyumba zetu ni nani agunaye? Si yule atokaye kwenda dukani asubuhi akarejea magharibi. Agunaye ni yule aliyekesha.

Maradhi yenyewe yafaa tuyajue. Madaktari huyaita dimenshia, na aina iliyo nyingi kuliko zote huitwa kwa jina la Alois Alzheimer, tabibu wa Kijerumani aliyeyaeleza mwaka 1906. Si uzee mtupu, maana wako wazee wa miaka 90 wenye fahamu timamu. Wala si jini, wala si jicho la hasidi, hata tumalize fedha kwa waganga. Ni ubongo unaoharibika kidogo kidogo. Mgonjwa husahau la jana akakumbuka la utotoni. Huuliza swali moja mara 20. Huwadhania wanawe kuwa wezi. Na jua likianza kuchwa aghlabu hutaharuki akataka kwenda kwao, ilhali yuko kwao. Dawa ya kuyaondoa haijapatikana. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2021 walikuwako wagonjwa milioni 57, na zaidi ya 60 katika kila 100 wako katika nchi zisizokuwa tajiri, mfano wa zetu. Na lasema kuwa katika saa za kuwaangalia, 70 katika kila 100 ni za wanawake.

Hapa ndipo penye neno letu. Wema kwa mzazi ni fardhi juu ya mwana. Lakini aoshaye, abadilishaye shuka, azuiaye mlango usiku, ni mke wa mwana huyo, au ni dada yake aliyeachwa kuolewa kwa ajili ya kazi hiyo. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mke hapasiwi na utumishi wa nyumba hata kwa mumewe, sembuse kumwosha mkwewe; akifanya ni ihsani yake. Basi mtu amechukua ihsani ya mwenziwe akaiandika katika daftari lake, na msikitini husifiwa kwayo! Tena liko jambo tusilolisema. Mzee hutiwa chumbani akafungiwa komeo kwa nje, asije akatoka njiani wakati mwanamke amekwenda sokoni. Na mtaa mzima husema kuwa fulani hakumtupa babake.

Wala tusidhani kuwa nyumba za mchana ni za watu wasiojali wazee wao. Katika mji wa San Francisco, Marekani, uko mtaa wa Wachina, na kwa Wachina kumheshimu mzazi ndio msingi wa adabu zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa na wazee wengi waliodhoofika, na wakahofia wasije wakapelekwa katika makao ya mbali, wasikosikia lugha yao wala kupata chakula chao. Kamati yao, iliyoongozwa na tabibu wa meno William Gee, ilimwajiri mwaka 1971 Marie-Louise Ansak, mjuzi wa mambo ya ustawi wa jamii, atafute njia. Akaona makao ya kudumu hayawezekani kwa gharama, na hayaafikiani na desturi za watu wale. Wakafuata mfano wa hospitali za mchana za Uingereza, na mwaka 1973 wakafungua nyumba waliyoiita On Lok, maana yake kwa Kikantoni ni makao ya amani na furaha. Mzee huchukuliwa asubuhi, akala, akatazamwa na tabibu, akanyoosha viungo, akazungumza na wenziwe, kisha akarejeshwa kwake. Haikuwa ya wenye kusahau peke yao, bali ya wazee dhaifu kwa jumla. Na mwaka 1997 sheria ya Marekani iliufanya mpango wa namna hiyo kuwa sehemu ya kudumu ya bima ya afya ya wazee. Basi waliifungua nyumba hii kwa sababu hawakutaka kuwatupa wazazi wao.

Na sisi tulikuwa nayo bila ya kuipa jina, nayo ni baraza: kahawa, bao, na kijana yeyote apitaye alijua kumshika mzee mkono amrudishe mlangoni kwake. Leo vijana wako Ghuba na Ulaya, na baraza nyingi zimebaki mawe matupu. Lakini madrasa zetu nyingi ziko wazi asubuhi, watoto wakiwa skuli. Chumba kimoja cha wanaume na kimoja cha wanawake, na waoshaji wa jinsia ile ile, chatosha kuanzia. Atakayeuliza fedha zitatoka wapi, naahesabu kwanza zitumikazo katika hitima ya mzee huyo huyo akisha kufa.

Mwenye kuifanya nyumba hii kisingizio cha kutomwona mzazi wake, huyo amemtupa, hata akilala naye nyumba moja. Wala asichukuliwe kwa nguvu mzee asiyeweza kuondoka kitandani. Siku za mwanzo mgonjwa huogopa, na yafaa mwanawe akae naye pale mpaka azoee. Arejeshwe alasiri, kabla ya ile saa ya kutaharuki. Katika sala aachwe asimame safuni apendapo, wala asisahihishwe rakaa, kwani kalamu imekwisha kuinuliwa juu yake. Na wengi waliosahau majina ya watoto wao bado waisoma Fatiha. Usiku zamu ni ya mwana.