Panga Maisha Hata Ugenini

Tunapowafundisha wanafunzi wa sekondari hapa Masese kuchagua kazi na kupanga maisha, wengine hutuuliza: "Mkimbizi apange nini, naye anangoja safari?"

Tukumbuke Yeremia 29. Mateka wa Babeli walitaka kurudi upesi. Nabii akawaandikia wajenge nyumba na kupanda bustani kule kule. Nasi Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi.

Wavuvi wetu hushona nyavu kabla ya kuingia ziwani. Wazazi, msiwaambie watoto wangoje tu. Waulizeni leo: ukimaliza kidato cha 4, utajifunza kazi gani? Safari ikija, ufundi haupimwi kwenye mizani ya mizigo. Mtu huondoka nao. Amina.