Aliyepona, Je, Ni Shahidi?



Huku kwetu Eastlands, baina ya Pumwani na Eastleigh, mama mmoja alionekana na uvimbe katika ziwa. Daktari akamwambia ni saratani, na kwamba matibabu hayafai kucheleweshwa. Jirani akamletea chupa ya majani yaliyochemshwa, akamwapia kwamba yuko mtu aliyepona kwayo. Mama akaiacha hospitali muda wa miezi mitano. Mwenye kuuza chupa hiyo namjua. Si mwongo, naye husali safu ya mbele. Na hapa ndipo penye suala: mtu mkweli asemapo asilolijua kwa yakini, je, hana lawama?

Wako wasemao kwamba kulipima jani katika maabara ni kuwadharau wazee wetu. Mimi sioni hivyo. Utazameni ule mmea wa asili ya Bukini, wenye maua ya rangi ya waridi au meupe, ambao wengi wetu tumeupanda mbele ya nyumba zetu. Watu wa nchi mbalimbali walichemsha majani yake kwa ugonjwa wa sukari. Katika miaka ya 1950 majani hayo yalipelekwa Kanada kutoka Jamaika, na Dkt. Robert Noble na wenziwe wakayajaribu kwa panya. Waliponyweshwa, sukari haikushuka. Walipodungwa sindano, wakafa, kwani chembe nyeupe za damu yao zilipungua mno. Wataalamu wale hawakuyatupa majani. Walijiuliza: kitu kipunguzacho chembe nyeupe, hakitafaa kwa saratani ya damu, ambayo ni chembe hizo kuzidi? Mwaka 1958 wakaitangaza vinblastini. Na nduguye, vinkristini, hata leo hutibu watoto. Basi wazee walisema kweli kwamba jani lina nguvu. Nguvu ya nini, hilo halikujulikana ila kwa kupimwa.

Na kupima kwenyewe kuna daraja. Jani hukaushwa, husagwa, hurowekwa katika maji au spiriti, kisha maji yake hutiwa juu ya chembe za saratani zilizooteshwa katika chombo. Chembe zikifa, bado si dawa. Hata siki huziua! Hapana budi kutazamwa chembe nzima nazo zimesalimika, kisha wanyama, kisha watu kwa ridhaa yao. Lakini gazeti likieleza daraja ya kwanza, mitaani huuzwa ya mwisho.

Nasi watu wa pwani tuna mfano wetu. Katika miaka ya 1970 mti uitwao na wataalamu Maytenus buchananii ulikatwa kwa maelfu ya kilo huko Shimba Hills, Kwale, ukapelekwa Marekani. Maytansini, iliyotolewa katika miti ya jamii hiyo, iliua chembe katika chombo kwa nguvu ya ajabu. Walipopewa wagonjwa ikawadhuru, ikaachwa. Mwaka 2013 ndipo Marekani ilipokubali dawa iliyotokana nayo, iliyofungamanishwa na kitu kiipelekacho kwenye uvimbe wenyewe, kwa aina moja ya saratani ya ziwa.

Wanavyuoni wa fiqhi wamemfanya mdhamini atibuye watu bila ya ujuzi. Nilimwendea yule muuzaji, nikamwuliza: "Waliopona hurudi kukushukuru. Wasiopona umewahesabu?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Sheikh, hao hawarudi."

Sasa huwaambia wanunuzi wende hospitali kwanza, na baadhi yao humkasirikia. Yule mama amerudi kwa daktari, uvimbe umekua.