Mtoto kiziwi anatudai nini?

Lipo swali linalojadiliwa sana barazani kwetu hapa Butimba: Je, ni haki kuchangisha mamilioni kwa ajili ya sikio la mtoto mmoja, ilhali mtaani mna mayatima wasio na hata daftari? Wapo wanaosema uziwi ni qadar ya Allah, mzazi na asubiri. Wapo wanaosema mtoto atibiwe kwa gharama yoyote. Naona pande zote mbili zimeliacha jambo la msingi.

Tuanze na qadar. Mtume (s.a.w) alituhimiza kutafuta tiba, wala hakuona kuwa hilo linapingana na tawakkul. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu. Kabla ya hapo watoto wetu walipelekwa nje, wengi India. Mlango umefunguliwa humu nchini. Kukaa kitako na kuuita uzembe subira si uchamungu.

Lakini tusidanganyane. Kifaa hiki si kama miwani, ukivaa unaona. Daktari huingiza uzi mwembamba wa umeme katika sikio la ndani, na nje hukaa chombo kinachotumia betri. Mtoto hupata sauti, hapati lugha. Lugha huja kwa mazoezi ya miaka, na akichelewa kupandikizwa matunda hupungua. Kutoka Butimba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Waumini wakichangia upasuaji kisha wakatawanyika, nauli, betri na matengenezo atalipa nani?

Hapa ndipo penye jambo la msingi. Mtoto kiziwi anatudai lugha kabla ya kutudai sikio. Umri wa kujifunza lugha hausubiri mchango utimie. Anayefika miaka sita bila lugha yoyote, ya mdomo wala ya alama, amedhulumiwa. Utamfundishaje Tawhid mtu ambaye hakupewa hata njia ya kuuliza "kwa nini"?

Mafaqihi walilitambua hili zamani. Walisema ishara ya bubu inayofahamika husimama mahali pa tamko lake, katika biashara na hata katika ndoa. Ikiwa sheria inaukubali mkono wake, kwa nini madrasa zetu haziujui? Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Sisi tumeanzisha nini? Kiziwi huhudhuria Ijumaa mwaka mzima akitazama midomo ya khatibu, na hakuna wa kumfasiria.

Tukumbuke Surat Abasa ilivyoteremka kwa sababu ya kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum. Hakusubiriwa aone ndipo apewe nafasi: alikuwa muadhini wa Mtume.

Basi ugomvi kati ya kifaa na mayatima hauna msingi. Lugha ya alama haihitaji mamilioni: kila msikiti mkubwa upeleke ustadhi mmoja akajifunze, na wazazi wajifunze pamoja na mtoto, awe atapandikizwa au hatapandikizwa. Mtoto akiwa bado mdogo na madaktari wakiona kifaa kitamfaa, tuchange, na tuendelee kuchanga baada ya upasuaji. Na mzazi fukara ana fungu lake katika zaka. Asilazimishwe kusimama mlangoni kama ombaomba.

Wallahu a'lam.